UZI: Kabla ya kuuliza mkono wa roboti utafika lini, tuzungumzie pale chuma kinapogusa nyama

Fundi Plasta (mleta uzi)

Habari za usiku wakuu.

Juma hili nimetumiwa video ileile na watu wanne. Mtu mwenye mkono wa roboti anachukua yai kwenye bakuli, analiweka kwenye bakuli jingine, yai halivunjiki. Wote wanne wameuliza swali moja: "Fundi, hii kwetu itafika lini?" Nimeona nisijibu mmoja mmoja, niandike hapa kwa kirefu, maana jibu lake halikai kwenye ujumbe wa simu.

Mimi natengeneza miguu na mikono bandia. Nilisomea Moshi, TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichopo hospitali ya KCMC tangu 1981 ambacho kimefundisha mafundi wa nchi nyingi za Afrika. Kazi yangu ya kila siku ni plasta, soketi na kufunga magoti. Mambo ya roboti nayasoma usiku, kwa sababu nayapenda na kwa sababu wagonjwa wangu wananiuliza.

Nitasema wazi ninachoamini: mota, betri na kompyuta si sehemu ngumu ya kiungo bandia. Sehemu ngumu ni zile sentimita chache ambapo mashine inakutana na mwili. Hapo ndipo watu wanapoumia, na hapo ndipo wanapoivua na kuisukuma chini ya kitanda.

Unyayo uliumbwa kubeba mwili. Ngozi yake ni nene, na chini ya kisigino pana mafuta ya kupokea kishindo. Kigutu, yaani kile kipande kinachobaki baada ya kukatwa, hakikuumbwa kwa kazi hiyo. Ngozi yake ni laini, ndani yake kuna mfupa uliokatwa na mishipa ya fahamu iliyoishia njiani, kisha mtu wa kilo 70 anaambiwa asimame juu yake na aende kazini. Kinachofanya jambo hilo liwezekane ni soketi, lile kombe ambalo kigutu kinaingia.

Tunaitengeneza hivi. Tunakizungushia kigutu bandeji ya plasta mpaka tupate ganda. Ndani ya ganda tunamimina plasta nyingine, ikikauka tunapata sanamu ya kigutu. Kisha tunachonga. Pale penye nyama au kano inayoweza kubeba, kama chini ya pia ya goti, tunapunguza plasta ili soketi ikamate. Pale mfupa ulipo juujuu tunaongeza, ili soketi isiguse. Mwisho tunapasha bamba la plastiki kwenye oveni mpaka lilainike, tunalivika sanamu na kufyonza hewa. Ukikosea milimita mbili, mtu anarudi baada ya siku tatu ana kidonda. Akiwa na kisukari, kidonda hicho kinaweza kumpeleka tena chumba cha upasuaji.

Aliyenifungua macho kuhusu hili ni Msierra Leone, David Moinina Sengeh. Nchi yake ilitoka vitani ikiwa na watu wengi waliokatwa mikono na miguu. Akaona kwamba wengi wao wana miguu bandia lakini hawaivai, kwa kuwa inauma. Alipofika chuo cha MIT, Marekani, angeweza kushughulika na roboti yoyote. Akachagua soketi. Alipiga kigutu picha za MRI ili ajue wapi ndani pana mfupa na wapi pana nyama, kisha kompyuta ikachora soketi ngumu pale panapohitaji ugumu na laini pale panapohitaji ulaini, ikachapwa kwa printa ya 3D. Baadaye alirudi kwao, akawa waziri wa elimu, na tangu 2023 ni Waziri Kiongozi wa nchi hiyo.

Maabara aliyosomea ni ya Hugh Herr, na huyu naye ana habari yake. Mwaka 1982, akiwa na miaka 17, alipotea kwenye dhoruba ya theluji Mlima Washington huko New Hampshire. Baridi iliiua miguu yake yote miwili ikakatwa chini ya magoti. Alikuwa mpanda majabali, akajichongea miguu yake mwenyewe: mmoja wenye ncha nyembamba ya kuingia kwenye nyufa za mwamba, mwingine wa kurefusha na kufupisha. Akarudi kupanda. Leo anatembelea vifundo vya mguu vyenye mota alivyobuni mwenyewe.

Kuhusu mkono wa lile yai. Msuli unapokaza hutoa umeme kidogo sana. Mtu aliyekatwa chini ya kiwiko bado anayo misuli iliyokuwa ikivuta vidole vyake. Akifikiria kufumba ngumi, misuli inatii ingawa ngumi haipo. Elektrodi zilizo ndani ya soketi zinaunasa umeme huo na kuuambia mkono ufunge. Si jambo jipya, Warusi walikuwa na mkono wa namna hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilichokuja baadaye ni vidole vitano vyenye mota kila kimoja, kama mkono wa i-Limb uliotoka Scotland mwaka 2007.

Mwenye kigutu kifupi sana, au aliyekatwa begani, hana misuli hiyo. Dk. Todd Kuiken wa Chicago alilitatua kwa namna inayonisisimua mpaka leo. Jesse Sullivan, fundi wa nyaya za umeme wa Tennessee, alipigwa na umeme mwaka 2001 akapoteza mikono yote miwili. Mishipa ya fahamu iliyokuwa ikienda mkononi ikahamishiwa kwenye misuli ya kifua. Akifikiria kufunga mkono, kifua kinakaza, elektrodi zinasoma, mkono wa mashine unafunga. Na ukimgusa kifua mahali fulani, anahisi umemgusa kiganja ambacho hakipo. Ubongo haukuwa umesahau njia.

Nitaendelea kesho na mavazi ya roboti, yale ya kumsimamisha aliyepooza, ila ulizeni.

Bodaboda Mstaafu

Mkuu umeandika maisha yangu. Mimi nilikatwa chini ya goti la kulia baada ya ajali ya pikipiki. Mguu wa kwanza nilipewa na wafadhili waliokuja na makasha yao, mguu mzuri kwa macho, kisigino kama cha mtu. Nikaufurahia miezi mitano. Kisha kifungo kimoja cha chuma kikalegea, fundi niliyempata akasema boliti ya saizi ile hapa hakuna. Wafadhili walishaondoka. Mguu umekaa uvunguni mwaka na zaidi, nikarudi kwenye magongo.

Halafu lipo jambo ambalo wanaotengeneza hawaulizi. Ule mguu haukukunja kifundo hata kidogo. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Msibani tunakaa jamvini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Fundi Plasta

Pole sana kaka. Hilo la jamvini lina historia yake, na wote wanaotengeneza viungo wangepaswa kuijua.

Mjini Jaipur, India, mwaka 1968, Dk. P. K. Sethi alikuwa anawapa wagonjwa miguu ya muundo wa Kizungu, nao wanaiacha. Muhindi wa kijijini anachuchumaa, anakunja miguu kukaa chini, anatembea peku, anaingia kwenye jaruba la mpunga. Mguu uliotengenezwa kuvaliwa ndani ya kiatu haumfai. Aliyempatia jibu alikuwa Ram Chandra Sharma, mchongaji ambaye shule hakwenda mbali. Yeye aliijua raba. Wakatengeneza unyayo wa raba na mbao, unaopinda kila upande, usiohitaji kiatu, rangi yake ya ngozi ya mtu. Tangu 1975 shirika la BMVSS linaugawa bure, na umefika nchi nyingi, za kwetu zikiwamo.

Ule unyayo hauna hata waya mmoja. Mimi nauhesabu kuwa uvumbuzi mkubwa sawa na mkono wa Chicago, maana aliyeubuni alianza kwa kuuliza mtu anakaaje, anajisaidiaje, anaswalije.

Na hiyo boliti yako usiitupe. Ipige picha pembeni ya rula uiweke hapa.

Binti Mkubwa

Shikamoo fundi. Baba yangu alikatwa mguu mwezi wa tatu kwa ajili ya kisukari. Kila usiku analia kwamba vidole vinaungua na vimekunjamana, vile vidole ambavyo havipo. Wengine nyumbani wanasema anachanganyikiwa, wengine wanasema mguu haukuzikwa vizuri. Naumia kumsikia.

Fundi Plasta

Marahaba mwanangu. Baba yako hajachanganyikiwa, mwambie hivyo leo hii hii. Sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiuhudumia mguu bado ipo hai na inaendelea kuuliza habari za mguu. Isipopata jibu, wengi husikia moto, kubanwa au kupinda. Wengi sana waliokatwa wanalisikia hilo, hata miaka mingi baadaye.

Mwambieni daktari wake, kwa kuwa dawa zipo, na sukari yake lazima iangaliwe. Ila kuna tiba ya kioo ambayo mnaweza kumwuliza mtaalamu wa viungo awafundishe. Ilianzishwa na V. S. Ramachandran, daktari mzaliwa wa India anayefanya kazi California, miaka ya 1990. Kioo kirefu kinawekwa katikati ya miguu, baba anatazama mguu mzima ndani ya kioo kana kwamba ndio ule uliokatwa, kisha anaukunjua vidole taratibu. Macho yanauambia ubongo kwamba vidole vimekunjuka. Si wote wanaopata nafuu, lakini gharama yake ni kioo.

Na hapo niongeze jambo kuhusu upasuaji wenyewe, kwa sababu kwangu ndiyo habari kubwa zaidi ya miaka hii. Kifundo cha mguu kinaendeshwa na misuli inayofanya kazi kwa jozi: mmoja ukikaza, mwenzake unanyooshwa, na kwa kunyooshwa kule ubongo unajua mguu uko wapi hata gizani. Ukatwaji wa kawaida unaitenganisha jozi. Herr na daktari wa upasuaji Matthew Carty wa Boston waliamua kuiunganisha tena ndani ya kigutu, ncha kwa ncha, na mtu wa kwanza kukatwa mguu kwa njia hiyo alifanyiwa mwaka 2016. Mwaka 2024 walichapisha matokeo: watu 7 waliofanyiwa hivyo walilinganishwa na 7 waliokatwa kwa njia ya zamani, wote wakivaa mguu wa roboti. Wale wa jozi walifikia mwendo ulio juu kwa asilimia 41, na walipanda ngazi na kuruka vizuizi wakiuongoza mguu kwa fahamu zao wenyewe.

Roboti ilikuwa moja kwa wote. Kilichowatofautisha ni jinsi daktari alivyoshona.

Waya Mbili

Salamu kutoka Nairobi. Niko mwaka wa tatu, uhandisi wa umeme. Nataka kuongezea kuwa hapa kwetu, mji wa Kikuyu, kuna vijana wawili, David Gathu na mwenzake Moses, waliotengeneza mkono wa roboti kwa vyuma na mbao walizookota, unaoongozwa na kifaa cha kichwani kinachosoma ubongo. Habari zao zilitembea dunia nzima 2021. Hawakupitia chuo kikuu.

Swali langu fundi: kama mota ni rahisi, saketi za kusoma misuli zinauzwa mtandaoni, na printa ya 3D iko hata maabara yetu, mbona tusitengeneze mikono mia moja tugawe? Kitu gani hasa kinazuia?

Fundi Plasta

Mdogo wangu, swali zuri. Nikujibu kwa uzoefu.

Kwanza jasho. Elektrodi inataka igusane na ngozi vilevile saa zote. Mteja wangu akipanda daladala Desemba, ndani ya soketi panalowa, elektrodi inateleza, mkono unafunga asipotaka au unagoma kufungua. Kwenye maabara yenye kiyoyozi hulioni hilo. Mkileta saketi, ijaribuni juu ya mtu anayetoka jasho.

Pili uzito. Mkono wa mashine unaweza kuwa na uzito sawa na mkono wa kawaida na bado ukamchosha mtu, kwa sababu mkono wa kuzaliwa umeshikwa na mifupa na misuli, huu umening'inia kwenye ngozi.

Tatu, watu wanauacha. Elaine Biddiss na Tom Chau wa Toronto walikusanya tafiti za miaka 25, wakachapisha mwaka 2007: kati ya watu wazima, wastani wa asilimia 23 waliuacha mkono wa umeme, na asilimia 26 waliuacha ule wa kuvutwa kwa kamba. Kwa watoto ilikuwa asilimia 35 na 45. Ukigawa mikono mia, jipange kujua mwaka ujao ni mingapi inavaliwa, na nani atabadilisha kidole kilichovunjika. Mwenzio hapo juu kashindwa kutembea kwa ajili ya boliti.

Kwa hiyo tengenezeni, nawasihi mtengeneze! Lakini mlete mwanafunzi mmoja karakanani akae nasi mwezi mzima, ashike plasta, asikie wagonjwa wanavyosema. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema katika kila watu kumi wanaohitaji vifaa hivi duniani ni mmoja tu anayevipata. Wale tisa hawakukosa roboti. Wamekosa soketi, nauli ya kufika karakanani na fundi wa kuwapokea.

Mtanga wa Göteborg

Naishi Sweden miaka kumi na mbili. Huku kuna njia ambayo haitumii soketi kabisa. Wanaingiza nondo ya titani ndani ya mfupa, mfupa unaikumbatia, ncha inatokeza nje ya ngozi na mguu unafungwa hapohapo. Nimefanya kazi na mzee mmoja anayo, anaufungua mguu wake kwa kibisibisi kidogo na kuurudisha kwa sekunde chache. Anasema akikanyaga kokoto au zulia anatofautisha, mfupa unampa habari.

Fundi Plasta

Ahsante sana, umetuletea kitu kutoka chanzoni kabisa. Per-Ingvar Brånemark aligundua miaka ya 1950 kwamba titani inashikamana na mfupa. 1965 akaanza kupandikiza meno hapo mjini kwenu, na mwanawe Rickard akaipeleka kwenye miguu iliyokatwa mwaka 1990. Mwaka 2013 Max Ortiz Catalan na wenzake wakapitisha hata nyaya za elektrodi ndani ya nondo hiyo mpaka kwenye misuli na mishipa ya fahamu ya dereva wa lori. Shida ya jasho ikaisha, kwa kuwa elektrodi hazipo tena juu ya ngozi.

Wasiwasi wangu ni lile tundu. Ngozi haifungi kuzunguka chuma, kwa hiyo mlango wa vijidudu upo wazi maisha yote. Panapotakiwa maji safi kila siku na hospitali ya karibu, lazima tuwe wakweli kabla ya kumshawishi mtu.

Dada wa Pili

Fundi, uliahidi mavazi ya roboti. Kaka yangu hapa Pangani alianguka kwenye mnazi, uti wa mgongo ukavunjika, toka kiunoni kwenda chini hana hisia. Kaona video mtu ameinuka kwenye kitimwendo anatembea. Anataka tuuze shamba. Niambie ukweli.

Fundi Plasta

Dada, pole, na nitakuambia bila kuficha. Msiuze shamba.

Vazi hilo ni fremu inayofungwa kiunoni, mapajani na miguuni, yenye mota kwenye nyonga na magoti. Wamarekani wa General Electric walijaribu kuanzia 1965 na mashine iliyoitwa Hardiman. Ilikuwa na uzito wa kilo 680 hivi, na hawakuweza kuendesha salama zaidi ya mkono wake mmoja. Japani, Yoshiyuki Sankai akatengeneza HAL, inayosoma umeme wa misuli na kumsaidia mgonjwa anayejifunza upya kutembea. Israel, Amit Goffer, mhandisi aliyepooza kwa ajali ya 1997, akabuni ReWalk, na mwaka 2014 Marekani ikaruhusu itumike nyumbani. Yeye mwenyewe hakuweza kuitumia. Inahitaji mikono yenye nguvu ya kushika magongo, na yake ilikuwa dhaifu. Hilo likumbuke: kaka yako anaweza kuwa na mikono mizima, lakini atatembea akiwa ameshika magongo mawili, polepole, sakafu ikiwa tambarare. Claire Lomas, Mwingereza aliyepooza miguu, alimaliza marathoni ya London ya 2012 ndani ya vazi hilo. Ilimchukua zaidi ya wiki mbili.

Bei: mwaka 2024 bima ya serikali ya Marekani kwa wazee na walemavu ilipanga kulipa dola 91,032 kwa vazi moja. Na baada ya kununua kuna matunzo. Mwaka 2024 huko Marekani mpanda farasi wa mashindano wa zamani, aliyekuwa amepiga hatua zaidi ya 370,000 ndani ya vazi lake kwa miaka kumi, alikwama kwa sababu ya hitilafu ndogo kwenye saa ya kuliongoza. Kampuni ilimwambia vazi lililozidi miaka mitano hawalitengenezi tena. Walilitengeneza baada ya vyombo vya habari kupiga kelele. Kama yeye alikwama Marekani, kaka yako Pangani atampigia nani?

Teknolojia inakua, sikatai. Kampuni ya Wandercraft ya Ufaransa ina vazi linalojisimamisha lenyewe bila magongo, na mwaka 2024 Kevin Piette, Mfaransa aliyepooza, alilivaa akibeba mwenge wa Olimpiki. Na kuna jaribio ninalolipenda kuliko yote: mwaka 2015 Steven Collins na Gregory Sawicki, Marekani, walifunga springi na klachi ndogo kwenye kifundo cha mguu, bila betri wala mota, na watu wazima wenye afya wakatembea kwa nguvu pungufu kwa asilimia 7 hivi. Springi! Kitu ambacho fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, anakijua.

Kwa sasa fedha za shamba zinunue kiti kinachomtosha kipimo, godoro na mto wa kuzuia vidonda vya makalio, na mlango wa choo upanuliwe. Kama daktari wake ataridhika, zipo bresi ndefu, yaani vyuma vya kushikilia miguu, za kumsimamisha. Kusimama kila siku kunamsaidia, na hizo tunatengeneza hapa hapa nchini.

Dada wa Pili

Nimelia, lakini ahsante. Nitamsomea.

Bodaboda Mstaafu

Picha hiyo hapo mkuu. Rula ya mwanangu wa darasa la nne.

Fundi Plasta

Nimeiona. Hiyo ni M6, inapatikana, aliyekuambia haipo hakuipima. Ila kwa muda uliokaa bila mguu, kigutu chako kitakuwa kimebadilika umbo. Soketi ile haitakukaa. Njoo tuchukue plasta upya, unyayo tutautumia huohuo kama raba yake haijapasuka. Njoo na bukta, na viatu unavyovaa kila siku, vyote viwili, hata kama cha kulia hujakivaa muda mrefu. Urefu wa kisigino ndio utakaoniambia mguu nikupimie wapi.

Bodaboda Mstaafu

Navaa kandambili.

Fundi Plasta

Basi njoo na kandambili.